Japani: Nchi Ambako Kijana Huajiriwa Kabla Hajahitimu

Kila ifikapo tarehe 1 Aprili, treni za asubuhi za Tokyo na Osaka hujaa vijana wa miaka 22 na 23 waliovaa suti nyeusi zinazofanana kiasi cha kumfanya mgeni adhani wote ni wanafunzi wa shule moja. Ndiyo siku yao ya kwanza kazini. Katika makampuni makubwa huingizwa ukumbini kwa pamoja na kuketi kwa safu. Rais wa kampuni huwahutubia, kisha mmoja wao husimama kwa niaba ya wenzake na kutamka ahadi ya kutumikia kwa bidii. Yako mashirika ya ndege yanayofanya hafla hiyo ndani ya banda la ndege, vijana wakiwa wamepangwa mbele ya ndege yenyewe. Jioni, televisheni huonesha picha zao kuwa ni habari ya taifa.

Vijana hao walipokea shahada zao siku chache tu kabla ya hapo, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili na kukoma Machi. Kazi yenyewe walikuwa wamekwisha kuahidiwa tangu mwaka uliotangulia, wakati bado wanahudhuria mihadhara na kuandika tasnifu. Kwa takwimu za serikali, miongoni mwa wahitimu wa vyuo vikuu wa Machi 2024 waliotaka kazi, asilimia 98.1 walikuwa wamekwisha kuipata ilipofika tarehe 1 Aprili. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kilichokuwa kimepata kufikiwa tangu hesabu hiyo ianze kufanywa kwa wahitimu wa mwaka 1997.

Mzazi mwenye mhitimu aliyekaa nyumbani mwaka wa pili au wa tatu akiisoma takwimu hiyo peke yake ataona kana kwamba Wajapani wamelimaliza tatizo lote. Lakini mlango unaofunguliwa kwa wote siku moja hufungwa pia kwa wote siku moja, na aliyebaki nje aghalabu hafunguliwi tena. Habari ya Japani haikamiliki bila ya hao waliobaki nje.

Mtu kwanza, kazi baadaye

Katika sehemu kubwa ya ulimwengu, mwajiri huwa na kazi, ndipo akamtafuta mtu wa kuifanya. Japani, kwa mhitimu mpya, mambo huanza na mtu. Mtafiti wa masuala ya kazi, Keiichiro Hamaguchi, ameueleza utaratibu huo kuwa ni ajira ya uanachama: kijana hapewi cheo wala kazi mahususi, bali anaingizwa katika jamaa ya kampuni, kisha jamaa hiyo ndiyo itakayoamua afanye nini. Aliyesoma fasihi huweza kuajiriwa na benki. Aliyesoma sheria hupelekwa kuuza vyuma. Wote wawili aghalabu hawajui idara watakayopangiwa, na pengine hata mji, mpaka siku za kuanza kazi zimewadia au zimepita. Wahandisi na wanasayansi wana njia yao kidogo, kwani viwanda huangalia walichokisoma, na barua ya profesa wao huwa na uzito.

Kwa hiyo kampuni haimuulizi kijana anajua nini. Inapima kama anafundishika, kama anaelewana na watu, kama atadumu. Waajiri wenyewe wamezoea kumfananisha na kitambaa cheupe ambacho bado hakijatiwa rangi. Baada ya kuingia hufundishwa namna ya kupokea simu, ya kuinama mbele ya mteja, ya kukabidhi kadi yake kwa mikono miwili. Kisha huzungushwa idara hii na ile kwa miaka mingi, mshahara ukipanda pamoja na umri wake wa kazi.

Hapa sina budi kuwapa Wajapani haki yao. Kwa kazi yangu ya ukatibu wa msikiti, vijana huniletea barua zao za maombi niwasomee kabla hawajazipeleka, na pamoja nazo huja matangazo ya kazi. Tangazo baada ya tangazo linamtaka mhitimu wa jana awe na uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu huo aupate wapi, na kwa nani, tangazo halisemi. Mwajiri wa Kijapani hamtaki kabisa kijana mwenye uzoefu. Gharama ya kumfundisha ameibeba yeye, na ameibeba akijua kuwa miaka miwili ya mwanzo hatarudishiwa chochote cha maana. Ni dhima kubwa, na si waajiri wengi duniani walioikubali.

Msimu wa kubisha hodi

Utafutaji huo wa kazi una jina lake, shukatsu, na una ratiba kama mtihani wa taifa. Kwa mujibu wa utaratibu unaosimamiwa na serikali, makampuni huanza kutoa maelezo ya nafasi zao tarehe 1 Machi, mwanafunzi anapomalizia mwaka wa tatu. Usaili huanza tarehe 1 Juni. Ahadi rasmi ya kazi, iitwayo naitei, hutolewa kuanzia tarehe 1 Oktoba, miezi sita kabla ya kuripoti. Hata hivyo anayeivunja ratiba hana adhabu, na wengi huivunja. Mwanafunzi huitwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika likizo ya kiangazi ya mwaka wa tatu, huko akaangaliwa, na kabla Juni haijafika amekwisha kunong'onezwa kwamba nafasi yake ipo.

Kijana aliyekuwa amepaka nywele rangi huzirudisha kuwa nyeusi. Hununua suti nyeusi au ya samawati iliyokolea, shati jeupe, na begi linaloweza kusimama lenyewe sakafuni bila kuanguka. Wasichana huvaa sketi na viatu vyeusi vyenye kisigino; mwaka 2019 mwigizaji Yumi Ishikawa alianzisha ombi la umma lililotiwa saini na maelfu ya watu, wakipinga wanawake kulazimishwa kuvaa visigino kazini, na shida ya mabinti katika msimu huu ikatajwa pia. Kwa miaka mingi wasifu uliandikwa kwa mkono, na herufi moja ikikosewa ukurasa wote huanzwa upya. Picha hubandikwa juu yake, ikiwa imepigwa kwa mpiga picha maalumu.

Makampuni makubwa hupokea maombi mengi mno, hivyo mchujo wa kwanza hufanywa na mtihani wa lugha, hesabu na tabia. Baada yake huja majadiliano ya kikundi: vijana sita au wanane wasiofahamiana hupewa swali moja, na msaili hukaa kando akiandika nani aliongoza, nani aliwakatiza wenzake, nani alinyamaza. Wanaovuka huingia katika usaili wa ana kwa ana, mara mbili, tatu, hata nne, kila mara mbele ya wakubwa zaidi, mpaka mbele ya wakurugenzi. Vitabu vya adabu za usaili huuzwa madukani: mlango ugongwe mara tatu, kiti kisikaliwe kabla ya kukaribishwa.

Maswali yanajulikana kabla. Kwa nini umeichagua kampuni yetu? Na lile ambalo wanafunzi wamelifupisha likawa neno moja, gakuchika: ni jambo gani ulilolitilia juhudi katika maisha yako ya chuo? Swali hilo ni la insafu kwa sura yake, ila humbana mtoto mpole ambaye miaka yake minne aliitumia kusoma tu. Wengi hujikuta wakiikuza hadithi ya kazi ya jioni mgahawani, au ya unahodha msaidizi wa timu, mpaka wanaiamini wenyewe.

Barua za kukataliwa nazo zina desturi. Hazisemi hatukutaki. Humalizia kwa sentensi ya adabu kwamba kampuni inamwombea mwombaji mafanikio huko aendako, na ndiyo maana wanafunzi wameziita barua za dua. Kijana aliyekosa nafasi huwaambia wenzake, "Nimeombewa." Wapo wanaoombewa makumi ya mara kwa msimu mmoja. Nao wapo wasioandikiwa kabisa, wakabaki wakifungua simu kila saa. Hao husema wameombewa kimyakimya.

Mpunga ungali mbichi

Desturi hii si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19, makampuni ya jamaa za Mitsubishi na Mitsui yalianza kuwachukua wahitimu wa vyuo kwa utaratibu, wakati ambapo wahitimu walikuwa wachache na kila mmoja akigombewa. Uchumi ulipoyumba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hali iligeuka. Mwaka 1929 Yasujiro Ozu alitoa filamu iliyoitwa "Nimehitimu chuo kikuu, lakini…", na jina hilo likawa msemo wa watu wa mitaani, kwani kila familia ilikuwa na wa kumwambia.

Baada ya Vita ya Pili viwanda vilikua haraka, na makampuni yakaanza kushindana kuwawahi vijana. Wajapani waliuita ushindani huo kununua mpunga ungali mbichi shambani. (Waliosoma fiqhi ya biashara watakuwa wamekumbuka mara moja mlango wa kuuza matunda kabla hayajapevuka, na sababu ya kukatazwa kwake: mnunuzi hajui atakachovuna, na muuzaji naye hajui alichokiuza.) Mwaka 1953 vyuo na waajiri waliafikiana tarehe ya pamoja, makubaliano hayo yalivunjwa mara kwa mara mpaka yakaachwa mwaka 1996. Shirikisho la waajiri, Keidanren, likaweka miongozo yake, ambayo mwaka 2018 mwenyekiti wake, Hiroaki Nakanishi, alitangaza kuifuta. Serikali, ikihofia vurugu, ikaichukua ratiba na kuiendeleza.

Ahadi mbele ya mahakama

Je, naitei ina nguvu gani? Kesi mashuhuri ni ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Shiga aliyeahidiwa kazi na kampuni ya uchapaji ya Dai Nippon. Alipokea ahadi mwaka 1968, akaacha kutafuta kwingine, na mwezi Februari 1969, wiki chache kabla ya kuhitimu, akaandikiwa kwamba ahadi imefutwa. Sababu iliyotolewa baadaye ni kuwa tangu usaili alionekana kuwa na uso wa huzuni, na kampuni haikupata la kuifuta dhana hiyo. Kesi ilipanda ngazi zote. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu kabisa ya Japani iliamua kwamba ahadi ile ilikuwa tayari ni mkataba wa kazi, na mkataba hauvunjwi kwa uso wa mtu.

Mwanafunzi, kwa upande wake, anaweza kujitoa. Wengi hupata ahadi mbili au tatu na kubakiza moja. Hofu ya kuachwa imewafanya baadhi ya waajiri wavuke mpaka: kijana huitwa ofisini na kuamriwa apige simu pale pale, mbele ya msaili, kuyakataa makampuni mengine. Mwaka 2019 iligundulika kwamba Rikunabi, mtandao mkubwa wanaoutumia wanafunzi kuomba kazi, ulikuwa ukikadiria uwezekano wa kila mwanafunzi kuikataa ahadi, na kuyauzia makadirio hayo makampuni zaidi ya 30. Huduma hiyo ilifungwa baada ya kelele za umma. Kwa mtazamo wangu ni khiyana ya wazi: mtoto anaamini anatafuta kazi, kumbe yeye ndiye bidhaa.

Wazazi pia wameingizwa. Siku hizi kampuni huweza kupiga simu nyumbani au kutuma fomu ili kuhakikisha baba na mama wameridhia, kwa kuwa imeona mara nyingi kijana akikubali Jumatatu na kukataa Ijumaa baada ya mama kusema kampuni hiyo hajawahi kuisikia. Yako makampuni yanayofanya hata kikao cha maelezo kwa ajili ya wazazi. Wazee wa Kijapani huguna kwamba vijana wamedekezwa. Binafsi sioni aibu katika mzazi kuulizwa. Linalonitia shaka ni kwamba anaulizwa baada ya jambo kwisha.

Kizazi cha barafu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Japani, uliokuwa umefura kwa bei za ardhi na hisa, ulipasuka. Makampuni yalitaka kupunguza watu. Lakini mahakama zilikwisha kufanya iwe vigumu kumwachisha kazi mwajiriwa wa kudumu bila sababu nzito, na desturi nayo iliwalinda wazee wa kazi. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuwafungia mlango walio nje. Waliohitimu takriban kati ya 1993 na 2005 wanaitwa kizazi cha barafu. Mwaka 2003 ni asilimia 55.1 tu ya wahitimu wa vyuo vikuu walioingia kazini. (Hesabu hii ni ya wahitimu wote, wakiwemo walioendelea na masomo, hivyo isipimwe moja kwa moja na ile ya asilimia 98.1.)

Nchi nyingi zimepitia miaka mibaya, na hali ilipotengemaa waliokosa wakapata. Japani mambo hayakwenda hivyo. Mwaka uliofuata mlango ulipofunguliwa kidogo, ulifunguliwa kwa wahitimu wa mwaka huo. Aliyehitimu mwaka uliopita hakuwa tena kitambaa cheupe. Alikuwa mhitimu wa zamani, akiwa na miaka 23. Hakuna aliyesema hafai. Kosa lake lilikuwa mwaka aliozaliwa.

Waliokosa walikwenda kufanya vibarua vya madukani, kazi za muda mfupi, na kazi za mawakala waajirio watu kisha kuwakodisha viwandani, ambazo sheria ilizilegezea masharti katika miaka hiyo hiyo. Kwa kuwa mafunzo hutolewa ndani ya kampuni na kwa waajiriwa wa kudumu, hawakufundishwa; kwa kuwa hawakufundishwa, walipofika miaka 30 hawakuwa na cha kuonesha. Wengi hawakuoa wala kuolewa, kwa maana mahari ya zama zetu kila mahali ni kazi ya uhakika. Wadogo zao walijifunza kutokana na hayo: kijana asiyepata naitei huchagua kurudia mwaka chuoni, akilipa ada ya bure, ili tu aendelee kuitwa mhitimu mtarajiwa. Mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 ulipotokea, wanafunzi zaidi ya 2,000 wa mwaka huo wa masomo walifutiwa ahadi, licha ya hukumu ya 1979. Mwaka 2010 serikali iliyaomba makampuni yamhesabu mtu kuwa mhitimu mpya kwa miaka mitatu baada ya chuo. Baadhi yaliitikia.

Mwaka 2019 mji wa Takarazuka, katika mkoa wa Hyogo, ulitangaza nafasi kama tatu za kudumu kwa watu wa kizazi hicho wenye umri kati ya miaka 36 na 45. Waombaji walikuwa 1,816. Walipokelewa wanne. Serikali kuu nayo, mwaka huo huo, iliweka mpango wa miaka mitatu wa kuwaingiza watu laki tatu katika ajira ya kudumu. Wa kwanza wao sasa wamevuka miaka 50, na baadhi yao bado wanaishi kwa pensheni ya wazazi. Japani wana namna ya kulitaja tatizo la jirani na hilo kwa tarakimu tu, 80 na 50: mzazi wa miaka 80 anayemlisha mtoto wa miaka 50 aliyejifungia chumbani. Si wote waliojifungia ni wa kizazi cha barafu, wala si wote wa kizazi hicho waliojifungia, lakini wapo miongoni mwao ambao safari ya kuelekea chumbani ilianza na barua za dua.

Vijana wa sekondari wasiokwenda chuo wana utaratibu mwingine. Shule yao ndiyo husimama kati yao na mwajiri, usaili huanza katikati ya Septemba, na katika maeneo mengi mwanafunzi hupendekezwa na shule kwa kampuni moja tu katika duru ya kwanza. Hupata haraka, ila wakati mwingine hujifunga na kampuni aliyoiona kwa siku moja.

Sasa waajiri ndio wanaobisha

Mwaka 1992 Japani ilikuwa na vijana wa miaka 18 wapatao milioni 2.05. Mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 1.06. Ndio sababu ya ile asilimia 98.1, si kwamba waajiri wamekuwa na huruma zaidi. Fast Retailing, wenye maduka ya Uniqlo, walipandisha mshahara wa kuanzia wa mhitimu kutoka yeni 255,000 hadi 300,000 kwa mwezi mwaka 2023, kisha 330,000 mwaka 2025. Takriban mmoja kati ya wahitimu watatu huacha kampuni yake ya kwanza ndani ya miaka mitatu, jambo ambalo babu zao wangelihesabu kuwa ni fedheha. Hitachi imeelekea kwenye kuajiri kwa kazi iliyotajwa. Mwezi Machi 2025, Fujitsu ilitangaza kuachana na kuchukua wahitimu kwa mkupuo, na badala yake kuajiri mwaka mzima kwa mahitaji ya kila kazi. Ikiwa wengi watafuata, ukatili wa mwaka mbaya utapungua. Naye kijana asiye na uzoefu huenda akakutana na tangazo lile lile wanaloniletea vijana wetu.

Kwa familia zenye watoto wanaoelekea huko, mambo machache ya kujua. Mpango wa ABE, uliotangazwa na Japani mwaka 2013 katika mkutano wa TICAD wa Yokohama, umewapeleka vijana wa Kiafrika, wa Kenya na Tanzania wakiwemo, kusoma shahada ya uzamili na kufanya mafunzo katika makampuni. Shabaha yake ni kujenga uhusiano wa biashara, na msomi hutarajiwa kurudi kwao. Anayesoma kwa njia nyingine na kutaka kubaki hupita mlango ule ule wa wenyeji: suti ile, mtihani ule kwa Kijapani, na kwa kazi nyingi cheti cha lugha cha daraja la N2 au N1. Masuala ya swala ya adhuhuri, Ijumaa na hijabu ayaulize mapema, katika mikutano ya maelezo, kabla hajafika kwa wakurugenzi. Akihitimu bila naitei anaweza kuomba ruhusa ya kubaki akitafuta kazi kwa miezi sita, inayoweza kuongezwa hadi kufikia mwaka. Na anayesoma shahada ya kwanza ya miaka minne aanze kuyafuatilia haya akiwa mwaka wa pili, kwa kuwa kiangazi cha mwaka wa tatu wenzake watakuwa wamekwisha kuitwa.